Mwalimu Geneviève na Maji ya Kuchemka

Mwalimu Geneviève wa mtaa wa Songo, hapa Uvira, mashariki mwa Kongo, hakuwa mtu wa kubembelezwa wala kubembeleza. Walimu Wazungu walipokimbia uasi wa 1964, sekondari yetu ilibaki na vitabu, meza zilizoungua nusu na kipimajoto kimoja. Vita vilipotulia alijitwisha fizikia, ingawa diploma yake ilikuwa ya kufundisha watoto wadogo. Alipiga marufuku kukariri. Tulichemsha, tukapima, ndipo tukaandika.

Balaa letu lilikuwa heshima. Siku ya kwanza kipimajoto kiligoma kwenye tisini na saba, lakini daftari zote ziliandikwa mia, kwa kuwa kitabu kilisema mia. Mwenye macho haambiwi tazama, wanasema. Sisi tulihitaji kuambiwa.

“Nani aliona cent, ile mia yenu, hapa?” aliuliza. “Kitabu iliandikwa kwa watu wa karibu na bahari. Siye tuko juu, hewa iko kidogo, maji inachemka mbele ya kufika cent. Muandike chenye munaona.”

Kisha zikaja habari kwamba mkaguzi anatoka Bukavu kuamua kama sehemu ya sayansi ifungwe. Wavulana wangetafuta shule huko Bukavu, na sisi wasichana tungerudishwa kwenye kushona. Niliogopa sana. Sindano niliichukia kuliko malaria.

Mkaguzi alifika na vumbi la barabara ya Luberizi mabegani. Akamsimamisha Agathe, jirani yangu wa benchi.

“Maji inachemka kwa degré ngapi?”

“Hapa Uvira, nonante-sept,” Agathe alijibu, yaani tisini na saba.

Mkaguzi akafunga kalamu yake. Mkuu wa shule, Bwana Anastase, akaanza kujichekesha. “Mutoto alitaka kusema cent.”

“Hapana, Préfet,” alisema Mwalimu Geneviève. “Amesema vile iko.”

Akawasha makaa, akabandika sufuria, akamwita mkaguzi ainame. Maji yakachemka. Mstari ukasimama kwenye tisini na saba. Mkaguzi alichochea moto mwenyewe, akangoja, jasho likamtoka, mstari haukupanda.

“Na Bukavu je?” aliuliza.

“Kule iko juu zaidi. Itapunguka tena.”

“Basi munipatie hii thermomètre, nikapime.”

“Haiwezekani, Bwana Inspecteur. Iko moja tu, na kesho tunatia chumvi mu maji tuone. Mubakie, mutaona.”

Bwana Anastase alifumba macho. Mimi nilijivuna kana kwamba nimejibu mimi.

Asubuhi mkaguzi alikuja mapema, akaketi benchi la mbele, akamwomba Agathe asogee kidogo ili aone vizuri. Ndipo nilipojua tumepona.