Mtarakwa Niliokabidhiwa

Mwalimu mwenzangu alipohamishiwa Embu, aliniachia mtarakwa wake. Haukuwa mti wa shambani. Ulikuwa bonsai, mti unaodumazwa makusudi, urefu wake kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, umepandwa kwenye chungu kifupi kama sahani. Alikuwa ameutunza miaka kumi na mmoja. Chumba alichopata huko hakikuwa na hata kibaraza, kwa hiyo angekuja kuuchukua likizo ya Desemba, akishapata nyumba.

"Usiniulie, mwalimu," alisema. Kisha akanifundisha: tia kidole udongoni mpaka kifundo cha kwanza. Ukikuta unyevu, ngoja.

Niliuweka kwenye ukingo wa veranda yetu hapa Githongo na kuutengea daftari. Jirani aliyekuja kuazima pampu ya kupulizia kahawa aliuzunguka mara mbili.

"Huu utatoa nguzo ngapi?"

"Hautoi nguzo."

"Hata ya kibanda cha kuku?"

Mwezi Juni mama mkwe alifika kutoka Kiritiri. Macho yake yalikuwa yanatibiwa mjini Meru, moja baada ya jingine, na angekaa nasi mpaka yote mawili yapone. Mimi humsalimia nikiwa nimesimama, namjulia hali, kisha nampisha. Hatutaniani, hatubishani. Ndivyo tulivyolelewa.

Daftari likaanza kunishangaza. Jumatatu: unyevu. Jumatano: unyevu. Ijumaa: chapachapa, na sijamwaga tone. Nililaumu ukungu wa Julai, nikausogeza mti chini ya paa. Wiki iliyofuata matawi ya chini yakawa manjano, kisha kahawia. Kuvumwani ya kijani juu ya udongo ikageuka kijivu. Asubuhi moja nikakuta ganda la haragwe la githeri, chakula chetu cha jioni, limelala kando ya shina.

Jumapili nilikaa karibu na dirisha baada ya chakula. Mke wangu alipitisha jagi na beseni, tukanawa. Mama mkwe akachukua beseni, akatoka polepole, akapapasa mpaka akakigusa chungu, akamimina yote, povu la sabuni na mafuta ya mchuzi. Kwao maji huletwa na punda kutoka mbali, na ya kunawa hupewa mmea.

"Kunywa, maskini," aliuambia kwa Kimbeere. "Wamekunyima mpaka umedumaa."

Nilimfuata mke wangu jikoni.

"Mwambie mama aache."

"Mwambie wewe."

"Nitamwambiaje mimi?"

"Basi na mimi nitamwambiaje? Kwamba mkwewe anamkataza kumwaga maji?"

Niliuhamishia mti juu ya kibanda cha sungura. Bahati mbaya, jicho la kwanza lilikuwa limetolewa bandeji, naye alikuwa anaona vizuri kuliko Juni. Jioni niliukuta umerudi verandani, udongo ukielea. Kuna mtu, alimwambia binti yake, ameutupa huo mti juani.

Hatimaye mke wangu alikubali kusema naye. Nilisubiri nje nikijifanya nakagua mibuni.

"Nimemwambia unaupenda sana mti wako," alinieleza.

"Halafu?"

"Amefurahi. Ameahidi kukusaidia."

Tangu siku hiyo ulipata maji ya asubuhi pia. Nilitoboa chungu tundu la pili kwa msumari. Nilibadilisha udongo, kazi ambayo baadaye niliambiwa haifanywi mti ukiwa mgonjwa. Kila nilichofanya kiliongeza kahawia. Kufikia Oktoba niliacha kuandika.

Mwenye mti alikuja Desemba, Jumamosi, mama mkwe akiwa ameketi verandani akichambua maharagwe. Mwalimu aliinamia chungu. Alikwaruza gome kwa ukucha, mahali pa kwanza, pa pili, pa tatu. Pote pakavu. Akauliza bila kupandisha sauti, "Ulikuwa unaumwagia nini?"

Mama mkwe aliinua uso. Macho yake mawili, mazima sasa, yalinitazama.

"Ni mimi," nilisema. "Sikuuelewa."

Mwenzangu alikataa chai. Aliondoka amekikumbatia chungu, mti na vyote. Nilimsindikiza hadi barabarani.

Niliporudi, mama mkwe alikuwa anamweleza binti yake, kwa sauti ya kunifikia langoni: "Mimi nimejaribu sana kuuokoa. Lakini mti hauwezi kuishi kwa maji yangu peke yake. Huyu hajawahi kuumwagia hata kikombe."

Nilisimama, nikamwuliza kama macho yanaendelea vizuri.

"Vizuri sana, mwalimu," akajibu.