Vijiwe vya Samaki Mbele ya Kanisa

Siombi msamaha. Niliwaambia hivyo wazee wa kanisa letu dogo upande wa Matiliku, na leo nimeota mvi bado nasema hivyo hivyo.

Kazi yangu miaka ile ya themanini ilikuwa kujua umri wa samaki. Nilikuwa kwenye bwawa kubwa upande wa Kitui, na kila mwisho wa mwezi nilirudi Matiliku kwa mume wangu na mama yake. Samaki ana vijiwe vyeupe ndani ya kichwa. Ndivyo masikio yake. Ukikitazama kijiwe kwa kioo cha kukuzia unaona pete, kama za shina la mti uliokatwa. Mvua ikinyesha samaki hushiba na pete huwa pana. Kiangazi kikija hudumaa, na pete huwa nyembamba na nyeusi. Huku kwetu mvua ni mbili kwa mwaka, kwa hiyo pete pana nazo ni mbili. Wageni wengi hawakulijua hilo, wakawazeesha samaki wetu bure.

Wakamba wa zamani hawakula samaki. Kwao alikuwa nyoka wa majini tu. Mama mkwe wangu hakugusa hata ugali niliousonga, eti mikono yangu inanuka mto. Alijipikia kwenye sufuria yake, nami nikazoea.

Balaa lilianza nilipokuja nyumbani na vijiwe vyangu ndani ya chupa za dawa, nivipeleke Nairobi Jumatatu. Ilikuwa kazi ya miaka. Akina mama wa kanisa walikuwa wamekuja kwa maombi, na mmoja wao akaiokota chupa, akaitikisa. Ikalia. Kila Mkamba anaujua mlio ule. Mundu mue, mpiga ramli wetu, hutikisa kibuyu chenye mbegu na vijiwe, akavimwaga, akavihesabu, kisha akakwambia nani anakuroga.

"Hii unahesabia nini?" akaniuliza.

"Miaka."

"Miaka ya nani?"

"Ya samaki."

Wakatazamana. Mume wangu alikuwa shemasi, na habari ikawafikia wazee: mke wa shemasi, anapiga ramli!

Wazee hawakukawia. Jumapili nisimame mbele nitubu, na vijiwe vitupwe kwenye choo cha kanisa. Nikikataa, nitengwe na meza ya Bwana.

"Si useme tu umekosa, hii maneno iishe?" mume wangu akanisihi.

Nilikasirika. Nitubu dhambi gani? Wahenga walisema mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi. Basi mimi Mkristo, Idi yangu haiji, na nilikuwa tayari kukosa hiyo faida.

Jumapili nilisimama. Nilikuwa na sahani nyeusi, kioo changu, kichwa cha tilapia nilichokikausha kwa chumvi, na kisu nilichokitoa jikoni kwa mama mkwe bila kumwomba. Nikakipasua kichwa pale pale mezani, mbele ya mchungaji. Watoto wa kwaya wakaziba pua. Nikatoa kijiwe, nikakiweka sahanini na tone la maji.

"Kujeni muangalie," nikasema. "Kama ni ramli, mtaiona."

Hakuna mzee aliyesogea. Mchungaji alitazama mabati ya paa. Kisha mama mkwe akainuka, nikadhani anafuata kisu chake. Akainama na kuweka jicho kwenye kioo. Akakaa hapo mpaka watu wakaanza kukohoa.

"Hii mstari nyeusi sana ni ya nini?"

"Ni njaa, Mwaitu," nikamjibu, kwa maana nilimwita mama kama aliyenizaa. "Ile watu walikuwa na pesa kwa mkono na duka hazina unga."

"Hata huko ndani ya maji?"

"Hata huko."

Kwetu wazee hawakuwa na vyeti vya kuzaliwa. Umri waliuhesabu kwa njaa: huyu alizaliwa njaa hii, yule alikufa njaa ile. Na katika njaa hiyo mama mkwe alimzika kitinda mimba wake, msichana ambaye jina lake halikutajwa tena nyumbani.

Aligusa ukingo wa sahani kwa kidole.

"Mtoto wangu ako hapa," akasema. Kisha akawageukia wazee. "Huyu samaki alilala njaa na sisi. Nyinyi mnataka kumtupa kwa choo?"

Walinitenga hata hivyo, maana nilikataa kutubu. Mume wangu akauacha ushemasi mwenyewe, tukawa tunakaa pamoja benchi la nyuma. Vijiwe vikafika Nairobi, vyote.

Mama mkwe hakuonja samaki mpaka alipokufa. Lakini mchana ule tulipotoka kanisani alikuja jikoni kwangu, akavuta kigoda, akaketi. Nilikuwa nasonga ugali kwa mikono ile ile, sijaiosha kwa sabuni, kwa makusudi.

Akaninyooshea sahani yake.

"Pakua," akasema.