Marcellin Aliyetii Kupita Kiasi

Ukitaka kumjua Drocella Nyiransengimana, mtazame akipanda mlima wa kwenda Lushebere. Hasalimii mtu mpaka afike juu. Si dharau, ni magoti. Anapanda na begi begani, viatu vimejaa matope, na ukimwuliza habari atakujibu, "Acha nipumue kwanza, bana."

Kazi yake ni kuwatembelea wagonjwa. Shirika lake lina nyumba ndogo ya mabati nyuma ya soko la Masisi, na watu wamezoea kuiita "kwa bamama ya vinini", yaani vidonge, maana wanawake wanaofanya kazi humo wote wanameza vinini vya virusi vya UKIMWI, sawasawa na wale wanaowatembelea. Na wote waliwahi kuwa walevi. Drocella pombe aliijulia Walikale, kule msituni alikokuwa akiwapikia wachimba madini. Mume akamfia huko huko, na yeye akabaki anakunywa kanyanga, pombe kali ya kienyeji, asubuhi kabla ya kuwasha moto. Aliporudi Masisi, dada yake mwenyewe alimpita njiani asimtambue. Hayo hapendi yasimuliwe, basi nisiyasimulie. Tangu aache alikuwa hajatia tone mdomoni, hata kwenye arusi, hata kwenye kilio.

Lakini amechoka, mama wa watu. Amechoka na milima, amechoka na barabara inayofungwa kila risasi zikisikika, na amechoka zaidi na watu wanaomdanganya huku wakimtazama machoni. Na mwaka huu hakuna aliyemchosha kama Marcellin Kanyamibwa.

Marcellin ni mkulima wa maharage kule Lushebere, mtu mpole, mwenye mikono mikubwa na sauti ndogo. Aliishi kambi ya wakimbizi na familia yake mpaka aliporudia shamba lake. Anakunywa, anaacha, anaanza tena. Hilo Drocella analielewa. Asichokielewa ni damu yake. Munganga, yaani daktari, alimwambia Drocella wazi: virusi vya Marcellin vinapanda badala ya kushuka, na akiendelea hivi hatavuna maharage anayopanda sasa. Marcellin naye anaapa kwamba anameza dawa vile alivyofundishwa. Drocella alikuwa ameshaamua kwamba ni mwongo tu, kama wengine.

Jumamosi moja ilikuwa siku ya mahari ya Noëlla, binti wa Marcellin. Drocella alikwenda, si kwa ajili ya wali, bali kumlinda baba wa binti asinywe. Wakwe walikuja kutoka ng'ambo ya mlima, ng'ombe mbele, wazee nyuma, na kibuyu cha kasiksi, pombe ya ndizi ya mwenyeji, kikawekwa katikati ya ua na mrija wake. Ninyi mnaotoka mbali mjue: huko kwetu hupewi pombe mkononi hivi hivi. Anayekupa lazima aionje yeye kwanza, mbele ya macho yako, ujue haina sumu. Na siku ya mahari anayeonja ni mwenye nyumba.

Drocella alimsogelea sikioni. "Papa Marcellin, mwambie mudogo yako aonje."

"Mudogo yangu iko mwenye nyumba?" alinong'ona. "Nikikataa, bakwe batasema nimetia kitu mu pombe. Batarudia na ngombe zao. Unataka Noëlla aniseme nini?"

Marcellin akainama, akavuta. Wakwe wakapiga makofi. Na wewe unajua kuonja kwa mlevi kulivyo: jua lilipoanza kuteremka alikuwa anaimba na baba mkwe, wameshikana mabega. Drocella alikaa pembeni na chai iliyopoa, amenuna kabisa, akijiuliza kwa nini hakubaki kwake akalala.

Saa ya vinini ilipofika alimvuta mpaka jikoni. Mukasine, mke wa Marcellin, alikuwa anapakua wali.

"Meza," Drocella alisema, akimnyooshea kinini chake.

"Leo hapana, Mama."

"Hapana namna gani?"

"Nimekunywa." Aliisema taratibu, kama mtu anayemsaidia mwenzake aliyesahau. "Weye njo ulitufundisha. Pombe na dawa zikikutana mu tumbo, zinaua. Siku ile nakunywaka, dawa siigusake. Hata moja. Uliza Mukasine."

"Ni kweli kabisa," Mukasine alisema. "Hata akionja kidogo tu, anaiacha. Anakuheshimuka sana, Mama."

Drocella alikaa juu ya gunia la maharage bila kukaribishwa. Masikini ya Mungu, mtu huyu hakuwa amemdanganya hata siku moja! Maneno yale yalikuwa yake mwenyewe. Aliyasema mbele ya mabenchi yaliyojaa watu, akipiga meza kwa kiganja. Munganga alikuwa amesema tu kwamba mlevi husahau dawa. Kufa kwa kuchanganya ilikuwa chumvi aliyoitia yeye, awatishe, waache chupa. Nao walitishika kweli. Chupa hawakuiacha, wakaacha vinini. Alimkumbuka Libérata, mgonjwa wake mwingine, mcheshi yule, aliyezikwa mvua zilipoanza. Naye alikuwa anakunywa. Naye alikuwa msikivu sana.

"Papa Marcellin, nisikilize," alisema. "Niliwaambia vibaya. Ukikunywa, meza. Ukilewa, meza. Kinini ni kila siku, pombe iwe, isiwe."

Marcellin alicheka. "Unanipima tu."

"Sikupime. Haki ya Mungu."

"Mama, leo ni mahari ya mutoto wangu. Unataka nianguke mbele ya bakwe?" Kicheko kilikuwa kimekwisha. Drocella akaona kwamba anaogopa kweli, kama mtu anayeambiwa aruke mtoni. Hata yeye asingemwamini mtu anayegeuza maneno ghafla hivi. Kisha Marcellin akasema, bila ubaya wowote, "Kama ni kweli, basi onja weye kwanza."

Mukasine aliacha kijiko. "Papa Noëlla! Unajua Mama hakunywaka!"

"Najua. Lakini yeye njo ananipa."

Drocella alifikiria kumwita munganga. Lakini munganga hupanda Lushebere katikati ya juma, barabara ikiruhusu. Kesho wakwe wangemalizia kibuyu, na Marcellin asingemeza. Kesho kutwa majirani wangekuja kupongeza, asingemeza. Kuongea zaidi hakukuwa na faida. Kuongea ndiko kulikowafikisha hapo. Alichoka, wallahi, hata kuogopa kulimchosha. Alifungua begi lake, akatoa vinini vyake mwenyewe, aina ile ile, na kumwomba Mukasine kikombe cha kasiksi.

Kasiksi ilikuwa ya moto kidogo, tamu, halafu kali kooni. Alikunywa mkupuo mmoja, akaweka kinini ulimini, akakishusha kwa mkupuo wa pili. Akafungua mdomo, Marcellin aone. Marcellin alimkodolea macho muda mrefu akingoja aanguke. Nje walikuwa wanaimba. Mwishowe alinyoosha kiganja, akapokea chake, akameza akiwa amefumba macho. Mukasine akaanza kulia kimyakimya juu ya sufuria.

"Na kesho?" Drocella alimwuliza.

"Na kesho, Mama. Nimeona." Kisha akamtazama kikombe mkononi. "Na weye kesho?"

Alimrudishia Mukasine kikombe. Aliaga, akashuka.

Njiani ladha haikumtoka. Alitema mate, alitafuna jani, wapi! Mwili wote ulikuwa umeamka na kuanza kudai. Chini ya mlima, pale bamotari, waendesha pikipiki, wanapongoja wateja, kuna kibanda cha kanyanga, na mwenye kibanda alimwita kwa jina, kwa furaha, kama wanavyoitana majirani. Magoti yake, ambayo mchana kutwa yalikataa kutembea, sasa hayakuuma hata kidogo. Drocella alisimama. Alitoa simu na kumpigia Céline, mkubwa wao pale shirikani.

"Kuna nini?" Céline alisema. "Marcellin amekufa?"

"Marcellin amemeza. Mi njo nimekunywa."

Drocella alisikia kiti kikisogezwa.

"Uko wapi?"

"Chini ya Lushebere, fasi ya bamotari. Kesho tutazunguka nyumba zote, Céline, iko neno niliwaambia vibaya, na bamoja balikufa nalo. Lakini hiyo ni kesho. Sasa kuja unichukue. Kuja mbio. Peke yangu siwezi pita hapa."

Aliketi pale pale kwenye matope, akakipa kibanda mgongo, na kuishikilia simu kwa mikono miwili.