Darubini Isiyopima Malaria

Katika mtaa wetu pale Itigi, Ramadhani haikuisha mpaka mama yangu aseme. Redio ilikuwapo na msikiti ulikuwapo, lakini watu walizoea kumsikiliza yeye kwanza. Jua likizama alisimama uani, jiko amelipa mgongo, uso ameuelekeza magharibi juu ya vichaka, na mara ungesikia kigelegele. Hapo hata wabishi walianza kuchambua mchele wa pilau. Alijivunia macho yake kuliko alivyojivunia sisi watoto wake, na sikumlaumu, maana macho hayakuwahi kumwomba ada ya shule.

Shida ni kwamba macho yenyewe yalikuwa yanafifia. Alianza kumimina chai pembeni ya kikombe. Siku moja alimwitikia mbuzi wa jirani "marahaba," akidhani ameamkiwa. Mboni zake zilikuwa zimeingia ukungu mweupe, na kila aliyemtazama usoni alijua kuwa huo ni mtoto wa jicho. Hospitali tulikuwa nayo karibu, wala si ya kupandia treni. Nikimwambia twende, alinijibu, "Mtu anayeuona mwezi huko mbinguni, akatafute nini hospitali?" Nikamwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Akasema kifo hakihitaji miwani kumpata mtu, na mimi niendelee kupepeta mchele.

Kisha ukaja mwaka ambao mama aliutangaza mwezi peke yake. Nusu ya mtaa ikala mchana uliofuata, nusu ikafunga, na redio ikasema bado. Majirani hawakumvunjia heshima, ila tangu hapo akisema neno lolote la kuona walimuuliza kwa upole, "Una hakika, mama?" Lilimuuma sana swali hilo. Mimi liliniuma zaidi, kwa sababu nilitaka atibiwe, na kila walivyomtilia shaka ndivyo alivyozidi kushikilia kwamba anaona.

Wakati huo nilikuwa nauza mitumba. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa, vitu vimejaa tele baada ya zile siku za kupanga foleni ya sabuni, na mtu aliweza kwenda Dar kutafuta marobota ya nguo akarudi na kitu ambacho hajui hata matumizi yake. Ndivyo nilivyokutana na darubini mbili kwa muuzaji mmoja wa vyombo vilivyotumika. Ya kwanza ilikuwa nyembamba, ndefu, inang'aa, ndani ya boksi lenye picha za sayari za rangi zote. Muuzaji aliinyanyua kabla sijauliza. "Dada, hii inakuza mara mia sita. Ukiwa kwenu unaona watu wanatawadha Makka." Ya pili ilikuwa imekaa sakafuni bila boksi, fupi, nzito, rangi imebabuka, miguu yake mitatu ya mbao. Hakuisemea neno.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sikujua lolote kuhusu nyota, lakini suruali nazijua: lebo kubwa mara nyingi huficha kitambaa cha ovyo. Nikaitikisa miguu ya ile ndefu, ikatetemeka kama mtu mwenye homa. Nikatazama kioo chake cha mbele, kidogo kama kifuniko cha soda. Ile fupi ilikuwa na kioo kipana kama mdomo wa kikombe, na miguu yake ilisimama imara. Nikawaza kuwa bakuli pana hukinga mvua nyingi, basi na kioo kipana labda hukinga mwanga mwingi, nikainunua hiyo fupi kwa ajili ya mwezi wa mama. Baadaye niligundua kwamba ndivyo hasa ilivyo, na nikajipongeza peke yangu kwa kuwa hakuna mwingine aliyejali.

Kosa nililifanya nilipofika nyumbani. Nililitaja jina lake kwa sauti. "Mama," nikasema, "nimeleta darubini."

Sasa, kwetu darubini ilikuwa moja tu, ile ya zahanati. Unatobolewa kidole, damu inapakwa kwenye kioo, unaambiwa subiri upimwe kwa darubini. Walimu husema ile ni hadubini, lakini mwenye homa hana nafasi ya kuchagua herufi. Kesho yake asubuhi jirani mmoja alibisha hodi amejitanda khanga mbili, kidole amekitanguliza mbele. Wa pili aliuliza kama majibu ni siku hiyohiyo. Nilipowaeleza kwamba hii ni ya kutazamia nyota walinionea huruma, wakaondoka wakinong'ona kuwa nimeuziwa mbovu.

Mama hakunong'ona. "Umeniletea hospitali kwa mlango wa uani!" aliniambia, kisha akamalizia kwa Kinyaturu maneno ambayo siyaandiki. Aliamini kabisa kwamba nimeleta chombo cha kumpima macho kwa hila. Nikiisimamisha uani, yeye hutoka barazani. Baraza letu lilitazama mashariki, basi kwa majuma mengi mama yangu alikuwa akiutafuta mwezi mchanga upande unaotokea jua.

Nikajifunza peke yangu. Ilikuja na vioo viwili vya kuwekea jicho; mwanzo nilitumia kile kidogo kinachokuza sana, nikaona giza tupu linalocheza. Baada ya kukata tamaa nikaweka kile kikubwa, cha kukuza kidogo, na mwezi ukaingia wote, na mashimo yake, hadi nikasema "Subhanallah" kwa sauti iliyowaamsha kuku. Tangu hapo naanza na cha kukuza kidogo kila mara. Nilijifunza kulinganisha na bomba kubwa kale kabomba kadogo ka kulengea kaliko ubavuni, mchana, kwa kulenga tangi la maji la stesheni, na kuning'iniza kidebe cha mchanga katikati ya miguu ili upepo usiitikise. Jua sikulielekea hata mara moja. Lenzi ndogo nimeshaiona ikitoboa karatasi, na jicho ni laini kuliko karatasi. Nilijifunza pia kwamba chombo hicho hugeuza kila kitu. Tangi lilikuwa limesimamia kichwa, na mbuzi wa jirani alikwenda malishoni miguu juu. Hilo sikumwambia mtu. Tayari nilishasemwa nimeuziwa mbovu.

Jioni ya mfungo wa ishirini na tisa watu wakaja uani, kama desturi. Jua lilipokwisha kuzama kabisa nikaanza kupekua ukingo wa anga polepole, kulia kwenda kushoto. Mama alikuwa amesimama nyuma ya wote, shingo ameinyoosha. Hakuna aliyemuuliza kitu, na nadhani hilo lilimchoma kuliko kuulizwa.

Nikaupata. Uzi mwembamba wa mwanga, chini kabisa, karibu na vichaka.

"Mama," nikasema, "njoo."

"Kupimwa?"

"Kutazama mwezi. Wewe ndiye mwenyewe."

Alisita. Nilimwona akipima aibu mbili, ya kukataa na ya kujaribu. Kisha akaja, nikamshika bega, akaweka jicho.  Nilijua watu wanachowaza: atasema ameona, kama alivyosema mwaka uliopita, nasi tutaitikia kwa adabu. Nami niliogopa hivyohivyo.

Akaliminya jicho la pili. Halafu akafoka.

"Nyie, nani kaufudikiza mwezi? Umefunikwa kama bakuli lililooshwa!"

Nilicheka huku machozi yananitoka. Kwetu mwezi mchanga hukaa kama bakuli lililowekwa sawa, pembe juu. Kwenye kile chombo tu ndiko pembe zilikuwa chini, na hakuna aliyejua hilo isipokuwa mimi. Hakuwa amebuni. Alikuwa ameona.

Jirani yetu, mstaafu wa reli mwenye miwani mizito, akakohoa, akamgeukia mama. "Dada, samahani, lakini mwezi wa kuonea bomba hauhesabiki. Linatakiwa jicho tupu."

"Mzee mwenzangu," mama akamjibu bila kuinua kichwa, "anza kuvua hiyo miwani ndipo unifundishe."

Uani palilipuka kicheko. Wakati huohuo binti mmoja aliyefuata kwa macho pale bomba lilipoelekea akapiga kelele, "Ule pale!" na wengine wakauona, kwa jicho tupu, hata mstaafu naye, ingawa hakuivua miwani. Vigelegele vikaenea hadi ng'ambo ya reli. Mama peke yake hakupiga. Aliendelea kuinama pale, mpaka mwezi ukaingia vichakani.

Watu walipokwisha kutawanyika aliketi kwenye kigoda cha jikoni, akaniita karibu.

"Nilikuwa sijauona mwezi miaka mitatu," alisema.

Nilidhani sikusikia vizuri. "Na vigelegele je?"

"Watoto huuona kwanza, hupiga kelele. Mimi hungoja kelele zao. Mwaka jana walipiga kelele, nami nikatangaza." Akapangusa macho kwa ncha ya khanga. "Kumbe walikuwa wamefunga goli."

Nilishindwa kujua nicheke au nilie, nikafanya vyote. Yeye naye alicheka kidogo, kisha akanishika mkono, akaubana sana, kama mtu anayeshuka ngazi asizoziona.

"Idi ikipita unipeleke huko hospitali," alisema. "Nataka kuuona kama Mungu alivyouweka."