Cha Juu

Vitabu vyetu vya shule vilisema kwamba msimu wa joto ukiisha majani hupukutika. Kwetu Guangzhou, kusini mwa China, hayapukutiki ng'o. Kilichotuonyesha kuwa joto limepungua ni mama kuacha kugombana na feni, na maduka ya mtaani kwetu Xiaobei kupanga keki za mwezi mlangoni. Sikukuu ya mwezi ya Wachina ndiyo ilikuwa siku yetu pekee ya kutoka pamoja, baba, mama na mimi, kwenda bustanini kupanda boti za kukanyaga pedeli. Mwaka niliotimiza miaka kumi, mama aliamua kuwa boti nitalipia mimi. Alitaka nijue pesa inatoka wapi.

Yake ilitoka kwa wageni. Alipokea wafanyabiashara kutoka Tanzania, akawalaza sebuleni, akawapikia ugali, akawapeleka sokoni. Walimlipa kwa kazi hiyo, lakini haikutosha kodi ya nyumba, basi akawa anakula cha juu. Kabla bei haijatajwa, mwenye duka anaambiwa aongeze kidogo. Mteja analipa bila kujua, na baadaye mama anarudi kuchukua ile nyongeza. Karibu kila mwenyeji tuliyemjua alifanya hivyo na hakuna aliyeita huo wizi. Shida ya mama ilikuwa Kichina. Chake kiliishia kwenye namba na matusi. Changu nilikipata shuleni, kimenyooka.

Mgeni wetu msimu ule alikuwa mjane kutoka Njombe, na kwa kuwa alimzidi mama umri niliambiwa nimwite mama mkubwa. Ilikuwa safari yake ya kwanza. Alituambia mezani kwamba ameuza kiwanja alichoachiwa na marehemu mumewe, na mzigo huu ukimgomea hana kingine cha kuuza. Mama alimpa pole, akamwongezea mboga. Baada ya kula mgeni alinikalisha chini akanisuka nywele, kitu ambacho mama hakuwa na muda nacho, huku akinisimulia habari za wanawe.

Asubuhi ya sikukuu tulikwenda Shahe, ambako nguo za jumla huuzwa tangu alfajiri na kufika mchana watu wanafunga. Kabla hatujaingia, mama alinivuta pembeni. Katika kila duka nimsalimie laoban, yaani mwenye duka, nimwambie kwa Kichina aongeze yuan saba kwenye kila jinzi, kisha nitabasamu. Kila duka tutakalonunua, yuan kumi zangu.

Nikamuuliza, "Na mama mkubwa je?"

"Mama mkubwa ataenda kuuza kwao kwa bei anayotaka. Sisi tunaishi hapa."

Nilifanya. Ninachoshindwa kujisamehe ni kwamba sikufanya kwa woga, nilifanya kwa raha. Nilisimama katikati yao, mama mkubwa akiwa ameniwekea mkono begani, nikasema kwa sauti ya kawaida kabisa: huyu mwongezee saba. Laoban akanitazama kidogo, akabonyeza kikokotoo, akamgeuzia mgeni asome bei. Mama mkubwa hakuwa na haraka ya kusoma. Alikuwa akinitazama mimi kwa fahari, akimwambia mama kuwa mtoto huyu anamwaga Kichina, Mungu amkuze.

Kwenye duka la tano pesa zilimwishia. Alikuwa amepanga kuchukua na magauni ya watoto. Aliyashikashika, akayarudisha, akasema labda safari ijayo. Mimi nilikuwa nimeshapiga hesabu zangu. Yuan hamsini, boti na aiskrimu.

Bustanini tulikwenda naye, maana huwezi kumwacha mgeni peke yake siku ya sikukuu. Nililipa dirishani kwa mkono wangu. Baba, ambaye alijua vizuri pesa ile ilikotoka, alinipigapiga mgongoni akasema sasa nyumba ina watafutaji watatu. Yeye na mama walikaa mbele kukanyaga pedeli, mama mkubwa na mimi nyuma. Alikata keki ya mwezi akanipa kipande chenye kiini cha yai. Nilikuwa na furaha, na nasema hivyo kwa aibu.

"Mwanangu," aliniuliza, "yale maneno uliyokuwa ukiwaambia kila tukiingia dukani, maana yake nini?"

Mbele yetu mama aliacha kukanyaga.

"Nilikuwa nawaambia wewe ni mama yangu mkubwa, wasikuonee."

Alinivuta kifuani akalia bila kujificha. Alisema tangu mumewe afariki hakuna mtu aliyewahi kumsemea popote, na Mungu amemleta mpaka China kumwonyesha mtoto wa kumsemea. Kisha akajifuta macho, akasema akija tena huenda nitakuwa shuleni, kwa hiyo nimfundishe yale maneno aweze kuyasema mwenyewe.

Niliitazama migongo ya wazazi wangu. Nilitaka mmoja ageuke, anikaripie, aseme lolote. Mama alianza kukanyaga tena, na baba akamfuata. Nimewasamehe mengi, ile migongo bado sijaisamehe.

Basi nikamfundisha, neno kwa neno. Alipokosea nilimsahihisha, na alirudia kwa bidii, akicheka ulimi wake mzito, mpaka akaweza kuomba kwa Kichina safi, bila msaada wa mtu, aongezewe saba.