Nilivyojenga bwawa la maji ya chumvi Migwani, na wasichana wakakosa physics

Wakuu, salamu kwenu nyote. Miaka yote nimekuwa nikisoma nyuzi zenu za mapenzi na mashamba bila kutia neno, leo nami nina yangu. Ni ya kweli, na pale inaponiaibisha sitaruka. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Mimi ni mama wa miaka sabini na kidogo, injinia mstaafu. Nimezaliwa upande wa Mukuyuni, Makueni. Usingizi wangu ni mfupi siku hizi na miguu haitulii, mara jikoni, mara nje, kwa hivyo mtanivumilia uzi ukienda zigzag.

Turudi miaka ya themanini mwanzoni.

Nilikuwa nimemaliza digrii ya uinjinia, darasani wanaume hamsini na kitu, mwanamke ni mimi. Nikaanza Masters. Utafiti wangu ulikuwa wa mabwawa ya mchanga.

Kwa wasiojua: kwetu Ukambani mito mingi hupita maji wiki chache tu za mvua, halafu inabaki mchanga mtupu. Ukijenga ukuta wa mawe na simiti kukatiza mto, mafuriko yanaleta mchanga, unajaa nyuma ya ukuta, na maji yanajificha humo ndani ya mchanga. Jua haliyanyonyi, punda hawayachafui. Unaweka bomba, unapata maji hadi kiangazi kinaisha. Wakati huo neno "sustainability" bado halijafika kwetu, sisi tulisema tu maji yanayobaki.

Saiti yangu ilikuwa karibu na Migwani, chini kidogo ya shule moja ya wasichana. Jina la shule siweki.

Nilienda huko na pikipiki ya mradi. Sasa hebu fikirieni, mwanamke juu ya pikipiki, wakati ule, na watu wa kanisa wale wa kwetu wanavyoona suruali! Nilivaa suruali ndani na sketi juu. Upepo ukipiga, sketi inanifunika uso. Wazee walicheka hadi machozi, na mimi nilikuwa natukana kimoyomoyo.

Pale shuleni nikaona jambo likaniuma. Kila siku saa nane mchana, wasichana walitolewa darasani kwenda mtoni kuchimba mchanga na kujaza mitungi. Saa hizo ndizo wavulana wa shule zingine walikuwa kwa maabara. Physics haikufundishwa kabisa. Wasichana walipewa general science na kuambiwa inatosha.

Nikamwendea headmistress, mama mmoja mkali lakini wa haki. Tukabishana siku tatu. Mwisho akasema, "Sikia, madam. Ukinipa maji mpaka mwezi wa kumi, ile saa ya mtoni nitaipatia physics. Form Three ya mwaka utakaofuata waanze. Bodi nitaisimamia mimi."

Nilitoka pale nikipiga pikipiki kiki kama mwendawazimu. Nilikuwa na furaha ya ajabu.

Kati ya wasichana kulikuwa na mmoja, nitamwita Mumbua, Form One wakati huo. Alinifuata hadi penye pikipiki yangu akaniuliza kwa nini injini ikipata moto inapoteza nguvu. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza hilo, hata chuo. Nilimweleza, akaniuliza swali la pili ambalo sikuwa na jibu. Nikamwambia, "Wewe utakuwa injinia." Akasema, "Na nikikosa physics?" Nikamwambia physics inakuja.

Kazi ya ukuta ilifanywa na mwethya. Mwethya ni kikundi cha kusaidiana kazi, na pale kilikuwa cha akina mama karibu wote. Mkubwa wao alikuwa Mama Syombua, mfupi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Walibeba mawe kwa mgongo, na mikanda ikiwa kwenye paji la uso, wakiimba. Mimi nilisimama na daftari langu na chuma cha kupima kina cha mwamba.

Hapa ndipo pananiaibisha.

Mimi ni Mkamba. Kikamba nimenyonya. Lakini na hawa akina mama niliongea Kiswahili, naye fundi wa ukuta niliongea naye Kiingereza, ili nionekane injinia. Nilijiambia ninafanya hivyo kwa ajili ya wasichana, waone mwanamke mwenye taaluma. Ukweli ni kwamba niliogopa. Niliona nikianza "mwaitu, mwaitu", yaani mama, na wale akina mama, fundi atanihesabu mmoja wao na hatasikia neno langu tena.

Nikapata mwamba mzuri, wa juujuu, mto mwembamba. Kwa vitabu, hakuna saiti bora. Tukajenga miezi mitatu.

Mvua ya Novemba ikaleta mchanga. Ya Machi ikaongeza. Mwezi wa nne tulifungua bomba, maji matamu, akina mama wakacheza, mchungaji akaomba, wageni wakapiga picha. Mimi nikatoa hotuba kuhusu wanawake na sayansi. Kusema kweli ilikuwa hotuba nzuri.

Mwezi wa nane nikarudi kupima. Headmistress akaniandalia chai. Chai ikakatika kwenye kikombe, maziwa mabonge mabonge.

Akaniambia, "Hata mpishi analia. Muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa, anachemsha siku nzima hauivi, na sabuni haitoi povu."

Sikumaliza kukaa. Nilitoka mbio hadi kwenye bomba, nikakinga kwa kiganja, nikaonja. Chumvi.

Nikapanda mto kwa miguu, kuupita ukuta kama hatua mia mbili. Ukingo wa kushoto kulikuwa na mstari mweupe kwenye udongo, na mbuzi zaidi ya ishirini wamejipanga wanalamba. Mvua ikiwa nyingi, mafuriko yanaifunika ile chumvi. Maji yakipungua kwenye mchanga, chumvi inajionyesha.

Na mnajua kinachochoma? Mbuzi hao niliwapiga picha siku ya kwanza ya survey. Niliona wanapendeza. Nikaweka picha hiyo kwenye jalada la proposal yangu, na hakuna profesa hata mmoja aliyeuliza mbuzi wanalamba nini!

Nikamwendea Mama Syombua shambani, nimekasirika, na sasa Kikamba kikanitoka chenyewe. Nikamuuliza mbona hawakuniambia.

Akaweka jembe chini. "Ai, mwana wakwa, mwanangu, kumbe unaongea?" Akajifuta vumbi mikononi. "Wewe ulituuliza mawe iko wapi, tukakuonyesha mawe. Mambo ya maji hukuuliza. Na sisi tuliogopa. Tungesema hapa ni pabaya, simiti ingeenda kwa watu wa location ingine."

"Kwa hivyo mkabeba mawe miezi mitatu mkijua?"

"Tulifikiria labda simiti yenu inatoa chumvi. Nyinyi ndio mumesoma."

Wakuu, nilikaa chini palepale kwenye mahindi yaliyokauka.

Nikarudi Nairobi kwa supervisor wangu. Alikuwa mtu mwema, yeye ndiye alinipigania nikaingia Masters. Akasikiliza, akavua miwani.

"Andika hali ya jiolojia isiyotarajiwa," akasema. "Wafadhili wana simiti tayari. Kama ni bahati mbaya ya ardhi, wanaongeza ukuta mwingine upande wa juu wa mto, kupita ile chumvi, kabla ya Novemba, na shule yako inapata maji. Ukiandika ni kosa la mtaalamu, wanasimamisha kila kitu na kuchunguza mwaka mzima."

Akavaa miwani tena.

"Na jambo lingine. Ukisema umekosea, hawatasema injinia amekosea. Watasema mwanamke."

Alikuwa sahihi, na alisema hivyo kwa kunihurumia.

Lakini kulikuwa na saiti nyingine tano zilizokuwa zinangoja Makueni, zimechaguliwa kwa njia ileile yangu, mwamba kwanza na watu baadaye. Mmoja wa mito hiyo mama yangu mzazi alichota maji yake. Nikificha kosa, tunaenda kuwajengea chumvi na wale pia.

Siku nne sikula vizuri. Nilitembea Nairobi yote kwa miguu, nikaandika ripoti mbili, moja hivi na moja vile. Siku ya tano nikapeleka ile ya ukweli. Niliandika kwamba dalili zilionekana, kwamba akina mama walijua, na kwamba mimi sikuuliza.

Mradi ukasimamishwa, kama alivyosema.

Kisha bodi ya shule ikaita mkutano na wazazi. Nilienda mwenyewe kueleza. Mwenyekiti wa bodi, mfanyabiashara mmoja mnene, alinisikiliza hadi mwisho, halafu akawageukia wazazi.

"Mumesikia? Injinia mwanamke ametuletea maji ya chumvi. Na yeye ndiye anataka wasichana wetu wafanane na yeye!"

Ukumbi ukacheka, na akina mama wengine wakacheka pia. Headmistress aliinua mkono mara mbili, hakupewa nafasi. Physics ikaahirishwa mpaka maji yapatikane.

Nje, kwenye dirisha, nilimwona Mumbua. Alikuwa Form Two. Alikuwa amesikia yote.

Nilijaribu. Nilimfundisha yeye na wenzake watano kila Jumamosi nyuma ya kanisa, term moja. Tulipima mawe kwa kamba, tulitengeneza betri kwa ndimu na misumari. Lakini mtihani ulitaka practicals, na shule haingewasajili somo ambalo haifundishi.

Halafu uchunguzi ukaisha, wakanirudisha kazini, upande wa Makueni. Nikaenda. Niliwaambia wasichana nitaandika barua. Niliandika mbili tu, kisha kazi ikanimeza. Sijawahi kuwa mtu wa kukaa mahali pamoja, na huo si utetezi.

Makueni tulifanya vizuri. Kabla ya kupima mwamba tuliketi na akina mama, kwa Kikamba, tukauliza wanachimba wapi kiangazi na mbuzi wanapenda kulamba wapi. Saiti mbili kati ya tano tukazihamisha. Maji ya kule ni matamu hadi leo.

Migwani nako Mama Syombua na mwethya wake walijenga ukuta wa pili upande wa juu wa mto, kupita ule ukingo wa chumvi, mradi ulipofunguliwa. Physics ikaanza. Ilikuwa zaidi ya miaka miwili baada ya ule mkutano, na kina Mumbua walikuwa wameshamaliza Form Four.

Miaka ikaenda. Nikawa mtu wa kualikwa mashuleni kuwahimiza wasichana wachukue sayansi. Hadithi hii niliisimulia sana. Niliisimulia hivi: jinsi nilivyosema ukweli, jinsi mkutano ulivyonicheka, jinsi ukweli ulivyonigharimu mwaka mzima wa Masters, na jinsi sijutii. Wasichana walipiga makofi. Walimu walifuta machozi.

Katikati ya miaka ya tisini nikaalikwa shule moja pale Mwingi. Nikasimulia kama kawaida yangu, makofi kama kawaida.

Nikitoka, nje ya stoo kulikuwa na pickup inashusha magunia ya mahindi na ndengu. Mwanamke mmoja mwenye kitabu cha delivery mkononi akanisimamisha.

"Hujambo, madam."

Nilimjua kwa sauti. Alikuwa Mumbua. Alikuwa ndiye supplier wa nafaka wa shule tatu. Alikuwa amesimama nyuma ya ukumbi na alisikia hotuba yote.

Nilimkumbatia. Nikaanza kusema maneno mengi kwa haraka, kwamba amefanya vizuri, kwamba biashara ni akili, upuuzi wa namna hiyo. Aliniacha nimalize.

Kisha akasema, bila hasira, "Madam, ile ripoti ulifanya vizuri kuandika. Hata mimi ningeandika vile. Lakini usiwe unaambia watoto wa watu kwamba ilikugharimu wewe. Wewe ulipata Masters yako. Mimi ndiye nililipa."

Akasaini karatasi, akapanda pickup, akaniambia nimsalimie nyumbani.

Nilibaki pale kwenye vumbi la magunia, na mwalimu mkuu ananiita nikanywe chai. Sikuweza kuinywa.

Funzo nililopata, wakuu, si kwamba heri ningedanganya. Nikirudishwa leo, ripoti ni ileile. Lakini baada ya kuipeleka, ningebaki Migwani. Ningelala kwenye mlango wa ofisi ya elimu hadi wale wasichana sita wasajiliwe shule nyingine yenye maabara. Ningeweza. Nilikuwa na pikipiki, nilikuwa na mdomo, na nilikuwa na muda zaidi ya niliokubali kuwa nao. Niliwatetea wasichana wote wa Kenya, na hao sita waliokuwa na majina nikawaandikia barua mbili.

Tangu siku ile ya Mwingi sijawahi kuisimulia ile hadithi kwa mtindo wa zamani. Leo ndiyo mara ya kwanza naiandika nzima.

Karibuni mchangie. Mliowahi kusimamia haki na mwingine akabeba mzigo wake, mlimwendea mkamwambia nini? Mimi namba ya simu ya Mumbua ninayo, nimeipata juzi kwa mpwa wake. Iko hapa mezani, na tangu asubuhi nimeshika simu mara saba nikaiweka chini.