Mgeni Aliyesubiri Kuku

Shangazi yangu Mwanahamisi alimkaribisha mtu nyumbani kwao Rumonge kwa adabu tu.

Yule mtu akaja kweli.

Mpaka leo, ukimtajia shangazi Jumamosi ile, anainuka kwenda zake jikoni, na wewe mwenyewe unajuta kuuliza. Kisa alinipa mara moja tu. Nakiweka hapa kama alivyonipa, sijatia chumvi.

Ni mwaka 1972. Burundi ilikuwa inakaribia miaka kumi ya uhuru, na shangazi alikuwa anasomea lishe Bujumbura. Watu wa kwao hawakuielewa hiyo lishe hata kidogo.

"Mutoto wako anasomea kupika?" walimtania babu Radjabu msikitini.

"Anasomea kwa nini watoto wanakonda na sahani iko mbele yao," babu aliwajibu.

Shida ilikuwa staji. Bila kufanya kazi hospitalini chini ya mkubwa fulani, diploma uisahau. Na huyo mkubwa humpati kama hujuani na mtu.

Basi pakawa na kongamano la watu wa lishe pale Bujumbura. Madaktari, masista, mabwana shamba, wote wamejaa ukumbini. Mwalimu wake, sista mmoja mkali, akawaonya wanafunzi: atakayetoka humu bila kujulikana na mtu, ajue alikuja kula biskuti.

Sasa hapo ndipo pagumu. Binti wa Waswahili wa Rumonge hajitaji mwenyewe mbele ya wanaume wazima. Anatajwa. Lazima awepo mtu wa kusema, huyu ni binti wa fulani. Shangazi hakuwa naye.

Akashika neno moja alilolelewa nalo.

"Karibuni kwetu Rumonge, mukule ndagala." Ndagala ndio dagaa wetu wa ziwani.

Daktari, karibu. Sista, karibu. Hata mpiga picha alikaribishwa! Wote walicheka, wakashukuru, merci, merci, wakaenda zao.

Isipokuwa mmoja.

Aliitwa Cirhuza, mwanafunzi wa lishe kama yeye, ila wa Bukavu, upande wa Kongo. Kijana wa miwani, shati limepigwa pasi mbele tu, mgongoni shauri ya Mungu. Alikuwa anatafuta namna ya kuwatilia watoto unga wa ndagala kwenye uji.

"Nikuje siku gani?" akauliza.

Jamani! Nani anaiuliza karibu tarehe? Kwetu unaitikia, unashukuru, unapita.

Shangazi akababaika. "Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Nitakuwa kwetu, na ndagala itakuwa inakauka."

"Basi nitakuja. Na wewe mbona unasimama kwa mulango kama muchunga viatu? Kuja."

Akamzungusha ukumbi mzima. "Huyu ni Mwanahamisi wa Rumonge. Mambo ya ndagala, muulize yeye." Kongamano lilipofungwa, wakubwa walikuwa wanamwita kwa jina. Na shangazi, niseme tu bila kuzunguka, alikuwa ameshapenda.

Jumamosi ikafika. Lori la dereva Uledi, la kubeba mafuta ya mawese, likasimama barabarani, na Cirhuza akashuka, vumbi mpaka kwenye miwani.

"Amahoro hapa!" akasalimu, hata hakuketi. "Mwanahamisi, umepata staji! Mukubwa wangu Bukavu amekubali. Sikutaka kutuma mutu, nilitaka kuona sura yako."

Shangazi alijifunika uso kwa kitenge, akacheka humo ndani, akalia kidogo humo humo.

Mgeni alikusudia kuona ndagala zikianikwa, kisha arudi Bujumbura na lori lile lile.

Bibi Asiya, mama yake shangazi, akasimama katikati ya ua, mikono kiunoni. "Arudi? Mutu ametoka Bukavu, atoke kwangu na njaa? Munataka watu waniseme?"

Kuku akakamatwa.

Lakini kwao mwanamke hachinji. Babu alikuwa msikitini, na alipotoka akapitia kwa mgonjwa. Kwa hiyo kuku amefungwa miguu jikoni, mgeni ameketi barazani, na Uledi anapiga honi.

"Mama, kamio inaenda," shangazi alisema.

"Iende. Kesho kuko ingine."

Cirhuza mwenyewe akacheka. "Niache kuku ya mama? Siwezi."

Lori likaondoka.

Kuku alikuwa mtamu. Shangazi aliniambia hivyo kwa hasira, utadhani anamshitaki yule kuku.

Jioni ile ile vita ikaingia Rumonge. Waasi wenye mapanga, vilio, nyumba zinawaka. Wakakimbilia kwenye michikichi upande wa Kizuka, mgeni amembeba bibi mgongoni.

Kule porini, katikati ya hofu yote ile, Cirhuza alimnong'oneza shangazi: "Bukavu kuko baridi. Usisahau sweta."

Walirudi nyumbani wakidhani yamekwisha. Wapi! Askari wa serikali walikuwa wameingia, na kuua kukaendelea. Ilisemekana kulikuwa na Wakongomani kati ya walioshambulia, basi nyumba kwa nyumba wageni wakatafutwa. Jirani yao Hamisi alichukuliwa pamoja na wanawe, kosa lao kumlaza mgeni.

Wakafika na kwa babu.

"Huyu ni nani?" askari aliuliza, bunduki inamwelekea Cirhuza.

Kabla bibi hajafungua mdomo, shangazi alishatoka mbele.

"Ni mugeni wangu! Mimi ndiye nilimukaribisha. Tulijuana kwa kongre, kwa kongamano kule Bujumbura. Anasomea lishe, si mutu wa vita!"

Askari akamgeukia Cirhuza. "Unamujua huyu mwanamuke?"

Cirhuza hakumtazama hata kidogo.

"Simujui. Niliingia hapa na nguvu. Hawa watu walikuwa wananiogopa."

"Cirhuza!"

"Ananifananisha na mutu mwingine," akamwambia askari. "Mimi sijawahi kumuona."

Wakamfunga mikono, wakampandisha garini. Hakurudi. Kaburi lake hatulijui.

Shangazi alibaki uani. Amekanwa, tena mbele ya wazazi wake, na mtu ambaye yeye alikuwa tayari kufa naye. "Baba, amenikana," akalia. "Amesema hanijui."

Babu Radjabu alimshika mabega.

"Mwanangu, Hamisi alichukuliwa na watoto wake wote. Sisi tuko hapa. Hujaelewa?"

Akaelewa. Aliniambia kuwa kuelewa ndiko kulikomuumiza zaidi, kwa sababu hasira ilimtoka na hakubaki na kitu cha kushika.

Bukavu hakufika. Walivuka kwenda Kigoma, na lishe akaja kuimalizia ukubwani. Ameshahudhuria makongamano mengi tangu hapo, na watu wengi wanamjua.

Ndugu zangu, siku hizi tunapeana namba, tunapiga picha mabega yamegusana, tunasema tunajuana. Sawa, juaneni, riziki hupitia kwa watu. Ila msimpime mtu kwa jinsi anavyolitaja jina lako mbele ya wakubwa. Ipo siku jina lako litakuwa mzigo, na hapo utamwona anayekupenda.

Cirhuza alikuwa Mkristo. Shangazi humwombea kila Ijumaa, na kwenye dua hiyo humwita mgeni wangu.